Kunyoosha Wimbi: Miaka Mia ya Kusaka Amplifaya Isiyopotosha

Tarehe 7 Januari 1927, Walter Gifford, rais wa kampuni ya simu ya AT&T, alinyanyua simu jijini New York akazungumza na Sir Evelyn Murray, katibu wa idara ya Posta ya Uingereza, aliyekuwa London. Ndivyo ilivyofunguliwa huduma ya kwanza ya simu ya kulipia kuvuka Bahari ya Atlantiki, kwa dola 75 kwa dakika tatu. Waya wa simu chini ya bahari hiyo haukuwepo, na usingekuwepo hadi 1956. Sauti za mabwana hao zilipita hewani, ya Marekani ikirushwa kutoka Rocky Point, kisiwani Long Island, na ya Uingereza kutoka Rugby, kwenye masafa ya kilohezi 60 hivi, ambako wimbi moja lina urefu wa kilomita 5.

Umbali ule unastaajabisha, lakini kazi nzito zaidi ilifanyika ndani ya transmita yenyewe. Transmita ya kawaida ya matangazo hutuma vitu vitatu kwa pamoja: wimbi la kubebea, na kanda mbili za pembeni, moja juu ya wimbi hilo na nyingine chini yake, zote mbili zikiwa na habari ileile. Hata mtangazaji akipaza sauti hadi ukomo wa mtambo, thuluthi mbili za nguvu humezwa na wimbi la kubebea, ambalo peke yake halina neno lolote. Mwaka 1915 John Carson, mtaalamu wa hesabu wa AT&T, alitambua kwamba ukanda mmoja wa pembeni unatosha. Wimbi la kubebea na ukanda wa pili vinaweza kuzimwa kwenye transmita, na mpokeaji akajitengenezea wimbi la kubebea huko aliko. Kwa simu ya Atlantiki faida ilizidi kubana umeme. Antena ya masafa marefu kiasi kile hupitisha kipande chembamba sana cha masafa, na kanda mbili zisingeenea humo.

Akiba hiyo ilikuwa na malipo yake. Katika redio nyingi za kawaida sauti hupandishwa juu ya wimbi kwenye hatua ya mwisho kabisa, kwenye valvu kubwa zinazolisha antena. Kabla ya hapo wimbi ni tupu, na amplifaya zinazolikuza haziwezi kuharibu sauti ambayo bado haijawekwa. Kwa ukanda mmoja mambo hugeuka. Wimbi lenye sauti huundwa likiwa dogo, kisha hukuzwa hatua kwa hatua hadi makumi ya kilowati, na kila hatua lazima itunze uwiano. Kinachoingia kikiongezeka maradufu, kinachotoka nacho kiongezeke maradufu, iwe ni mnong'ono au ukelele. Amplifaya ya namna hiyo huitwa nyoofu, kwa sababu ukichora kinachotoka dhidi ya kinachoingia unatakiwa kupata mstari ulionyooka. Aliyewahi kuuchora kwa vipimo halisi anajua kwamba mstari huo hupinda. Valvu ikikaribia kikomo cha nguvu zake hulemewa, na ikipewa kidogo mno hulegea.

Madhara ya mpindo huo yanahesabika. Tuseme transmita iko kwenye kilohezi 7,100, na inapitisha milio miwili, mmoja wa hezi 700 na mwingine wa hezi 1,900. Hewani panatakiwa kuwa na masafa mawili tu, 7,100.7 na 7,101.9. Amplifaya iliyopinda huzalisha mengine. Mara mbili ya la kwanza ukitoa la pili ni 7,099.5; mara mbili ya la pili ukitoa la kwanza ni 7,103.1. Hakuna aliyeyatuma masafa haya, na hayachujiki, maana yako karibu mno na yale halali: kichujio chochote cha kuyazuia kitaizuia na sauti yenyewe. La 7,099.5 limeshavuka mpaka na kuingia katika nafasi ya mtu mwingine, ambaye atasikia mikwaruzo isiyoeleweka juu ya mazungumzo yake na hatajua inatoka kwa nani. Ndiyo maana mimi hulitazama suala la upotoshaji kuwa la ujirani kabla ya kuwa la ufundi. Anayelipuuza hujidhuru kidogo tu. Anayeumia ni aliye kando yake.

Ndani ya kampuni hiyohiyo, katika jengo la namba 463 West Street huko Manhattan, kijana mmoja alikuwa akihangaika na mpindo uleule kwa sababu nyingine. Harold Stephen Black alizaliwa mwaka 1898 katika mji wa Leominster, Massachusetts, akahitimu uhandisi Worcester mwaka 1921, kisha akaajiriwa na Western Electric, tawi la AT&T la kutengeneza vifaa. Mwaka 1925 idara yake iliingizwa katika maabara mpya zilizoitwa Bell Telephone Laboratories. Kazi yake ilikuwa simu za waya za masafa marefu. Kampuni ilitaka kupitisha mazungumzo mengi katika jozi moja ya waya, kila moja likipandishwa kwenye masafa yake. Sauti hudhoofika njiani, hivyo kila baada ya maili kadhaa paliwekwa amplifaya. Nchi ni pana, amplifaya ni nyingi, na kila moja iliongeza mpindo wake juu ya mpindo wa zilizotangulia. Mazungumzo ya watu wasiojuana yaliingiliana.

Wenzake walitafuta dawa mahali panapotarajiwa, yaani katika valvu. Walibadili umbo la gridi, walibadili nyuzi, walizipa umeme uliotulia zaidi. Black naye alianza hivyo, na valvu zikawa bora kiasi, lakini si kwa kiwango alichohitaji. Machi 1923 alihudhuria mhadhara wa Charles Steinmetz, mhandisi mashuhuri wa General Electric, na kilichomgusa ni jinsi mzee yule alivyolivua tatizo mapambo yote hadi likabaki kiini. Alirudi nyumbani saa nane usiku akaliuliza upya swali lake. Je, kama valvu itaachwa ipotoshe itakavyo? Je, kama atakubali kwamba amplifaya ina kasoro, kisha aitoe kasoro hiyo kwenye kile kinachotoka?

Jibu alilopata ni la kupendeza kwa urahisi wake. Chukua kinachotoka kwenye amplifaya, kipunguze hadi kilingane na kilichoingia, kisha kitoe kimoja katika kingine. Kama amplifaya ni kamilifu utabaki na sifuri. Kama si kamilifu, kinachobaki ni upotoshaji mtupu, umetengwa peke yake. Kikuze kwa amplifaya ya pili, kitoe kwenye kile kilichotoka kwanza, na kinachokwenda mbele kitakuwa safi. Wahandisi wa baadaye waliita mpango huu kusahihisha mbele, kwa sababu hakuna kitu kinachorudi nyuma kuelekea mwanzo. Black aliujenga, na ulifanya kazi. Aliombea hataza mwaka 1925, akaipata 1928.

Lakini uliwachosha wote waliouhudumia. Utoaji ule unadai ulinganifu mkali. Ili masalia yabaki sehemu moja kwa elfu ya nguvu, yaani desibeli 30 chini, ukubwa wa mawimbi mawili usipishane kwa zaidi ya asilimia 3, na mwendo wake usipishane kwa zaidi ya nyuzi 2 hivi katika duara la 360. Valvu za miaka ile hazikutulia kiasi hicho. Black mwenyewe alikuja kueleza, akiwa mzee, kwamba kila saa, usiku na mchana, mtu alilazimika kurekebisha mkondo wa nyuzi za kuchemshia. Mpango ulikuwa sahihi kwenye karatasi, na duniani hapakuwa na vipuri vya kuutekeleza. Ukawekwa kando.

Miaka minne ilipita tangu mhadhara wa Steinmetz. Asubuhi ya Jumanne tarehe 2 Agosti 1927, Black alipanda kivuko cha Lackawanna kutoka Hoboken kwenda Manhattan, safari aliyoizoea ya kwenda kazini kuvuka mto Hudson. Katikati ya maji wazo lilimjia. Mkononi alikuwa na gazeti la New York Times, na kwenye nafasi tupu ya ukurasa wake alichora mchoro mdogo na kuandika hesabu yake, akatia sahihi. Alipofika ofisini alimwonyesha mwenzake, naye akasaini kuwa shahidi.

Wazo lilikuwa kurudisha. Jenga amplifaya yenye ukuzaji mkubwa kuliko unaohitaji, kisha chukua sehemu ndogo ya kinachotoka, uirudishe kwenye mlango wa kuingilia ikiwa imegeuzwa, ili ipingane na kinachoingia. Tuweke tarakimu. Amplifaya yako hukuza mara 100,000, nawe unahitaji mara 100 tu. Unarudisha sehemu 1 katika 100 ya kinachotoka. Ukipiga hesabu ya Black unapata ukuzaji wa mara 99.9. Sasa valvu zichakae, ukuzaji wake ushuke hadi nusu, mara 50,000. Hesabu inatoa 99.8. Nusu ya nguvu ya kukuza imepotea, na mtu aliye upande wa pili wa simu hawezi kugundua lolote. Upotoshaji nao hushuka kwa uwiano uleule, mara elfu moja katika mfano huu.

Hapa ndipo ninapoona ukubwa wa Black, na sijaona unasemwa vya kutosha. Hakunyoosha valvu. Hakuna aliyewahi kuinyoosha, kutoka kwake hadi leo. Alichofanya ni kuhamisha mzigo wa usahihi. Kabla ya hapo uaminifu wa sauti ulitegemea kitu chenye moto, kinachochakaa, kisichotabirika. Baada ya hapo ulitegemea sehemu ile 1 katika 100, ambayo hupimwa na rezista chache tulivu, za bei rahisi, zisizobadilika mwaka hadi mwaka. Amplifaya ikawa chanzo cha nguvu tu, na kipimo kikakabidhiwa kwa kitu kinachoweza kuaminika. Gharama yake ni kuutupa ukuzaji kwa makusudi, mara elfu moja uliojengwa kwa jasho na kupotea wote, jambo lililowauma watu waliotumia miaka yao yote kuutafuta.

Tarehe 29 Desemba 1927 kipimo cha maabara kilionyesha upotoshaji umeshuka kwa uwiano wa 100,000 kwa 1 kwenye masafa ya kilohezi 4 hadi 45. Ombi la hataza la Agosti 1928 lilikubaliwa Desemba 1937, zaidi ya miaka tisa baadaye. Ofisi ya hataza ya Uingereza ililitazama kama mashine ya mwendo wa milele, kichekesho kisichowezekana, kwa sababu maarifa ya siku zile yalisema kwamba kinachotoka hakiwezi kurudi kuathiri kinachoingia bila kuleta vurugu.

Na vurugu ilikuwepo kweli. Yeyote aliyehudhuria mkutano wa hadhara ambako maikrofoni imesogezwa karibu na spika amesikia filimbi ile kali: sauti inatoka, inarudi, inakuzwa, inatoka tena. Mrejesho wa Black umegeuzwa ili upinge, lakini saketi hula muda, na kwenye masafa ya juu kuchelewa kidogo hufika nusu ya wimbi. Hapo kilichokuwa kinapinga kinaunga mkono, na amplifaya huanza kupiga filimbi yenyewe. Aliyeleta utulivu ni Harry Nyquist, mzaliwa wa Sweden aliyehamia Marekani akiwa kijana. Makala yake ya 1932 ilitoa njia ya kuchora mwenendo wa saketi kwenye karatasi na kujua, kabla ya kuwasha umeme, kama itatulia au itapiga kelele. Hendrik Bode, wa maabara za Bell, alikamilisha nadharia kwa kuonyesha kwamba mrejesho una bajeti: ukiutaka mwingi, lazima uache nafasi pana ya masafa ambamo ukuzaji utashuka taratibu.

Kwa transmita za redio bajeti hiyo ni finyu. Simu za Black ziliishi chini ya kilohezi 45. Kwenye megahezi 10 wimbi zima hupita kwa sehemu 100 za bilioni ya sekunde, na mita 3 za safari hewani tu hugeuza mwendo kwa nyuzi 36. Kuzungusha wimbi la redio lenyewe kutoka antena hadi mwanzo wa transmita kubwa ni kukaribisha filimbi. Wahandisi wa miaka ya 1930 walipita njia ya pembeni: walichukua tone la wimbi linalokwenda antenani, wakalikamua hadi ibaki sauti tu, wakalirudisha umbo hilo la sauti kwenye mlango wa maikrofoni. Sauti haizidi kilohezi chache, na huko Nyquist hana ugomvi na mtu.

Mbinu hiyo ndiyo iliyompa nafasi William Doherty. Alizaliwa 1907, akasoma Harvard, akafanya kazi kwenye kituo cha Bell huko Whippany, New Jersey. Tatizo lililomkabili lilikuwa bili ya umeme. Amplifaya nyoofu ya wakati ule, ikiwa haina sauti ya kupitisha zaidi ya wimbi la kubebea, iligeuza thuluthi moja tu ya umeme kuwa redio. Kituo cha kilowati 50 kilikula 150, na 100 zilizobaki zilichemsha maji ya kupozea. Sababu ni kwamba valvu hufanya kazi vizuri ikisukumwa karibu na kikomo chake, nayo amplifaya nyoofu inabidi iache nafasi kwa vilele vya sauti vinavyokuja mara mojamoja.

Doherty, hajafika miaka 30, alitumia valvu mbili. Ya kwanza hufanya kazi ya kila siku, imesukumwa hadi karibu na kikomo na wimbi la kubebea peke yake. Ya pili hukaa kimya. Kilele cha sauti kinapokuja, ya pili huamka, na saketi inayoziunganisha, ambayo hugeuza mwendo kwa robo ya wimbi, huifanya ya kwanza ione mzigo umepungua, hivyo iweze kutoa zaidi bila kulemewa. Aliutangaza mpango huo mwaka 1936, na ufanisi ulipanda hadi zaidi ya asilimia 60. Mwaka 1938 kituo cha WHAS cha Louisville, Kentucky, kiliwasha transmita ya kilowati 50 ya Western Electric iliyojengwa hivyo.

Makala nyingi humsifia Doherty kwa ufanisi na kuishia hapo. Lakini pale valvu ya pili inapoamka, mstari hupata kiwiko. Hakuna fundi anayeweza kuifanya iamke bila kishindo kwa kila nguvu na kila joto. Peke yake mpango huu hupotosha kuliko amplifaya ya kawaida, na kilichoukubalisha kwenye kituo cha matangazo ni mrejesho wa Black uliozungushiwa kwa nje. Mmoja aliokoa umeme, mwingine akalipa deni la usafi. Muungano wa watu hawa wawili utarudi baada ya miaka sitini, kwenye minara ambayo hakuna hata mmoja wao aliiota.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, ukanda mmoja wa pembeni ulitoka mikononi mwa makampuni ya simu ukaingia kwenye masafa mafupi, kwa majeshi, meli, ndege na wapenzi wa redio. Kampuni ya Collins ya Cedar Rapids, Iowa, ilikuwa mstari wa mbele. Mhandisi wake Warren Bruene aliandika mwaka 1956 jinsi ya kupunguza upotoshaji wa transmita hizi, na moja ya dawa zake ilikuwa kuthubutu kurudisha wimbi la redio lenyewe, lakini kwa kipande kifupi tu, kutoka valvu ya mwisho hadi ile iliyo kabla yake. Safari ikiwa fupi kiasi hicho, kuchelewa ni kudogo, na desibeli 10 hivi za mrejesho hupatikana kwa usalama. Ikilinganishwa na desibeli 50 za Black, yaani ule uwiano wake wa 100,000 kwa 1, ni kidogo, lakini ilitosha kumpa jirani wa kilohezi 3 kando nafasi ya kusikilizana.

Wasomaji wa Afrika Mashariki waliokua katika miaka ya 1970 na 1980 wanaijua sauti ya redio hizi hata kama hawajui jina la mfumo. Ndiyo redio kol iliyokuwa kwenye hospitali za misheni, vituo vya polisi na mbuga za wanyama. AMREF, shirika la madaktari wanaoruka lililoanzishwa 1957, lilikuwa na mtandao wa redio za masafa mafupi uliounganisha hospitali za vijijini na Nairobi. Kitufe kikisogea kidogo, mzungumzaji alisikika kama bata, kwa sababu wimbi la kubebea lililotengenezwa na mpokeaji halikulingana na lile lililozimwa. Kosa hilo lilirekebishwa kwa kidole. Lile la amplifaya iliyosukumwa kupita uwezo wake, mikwaruzo ikimwagika kwenye masafa ya mwenzio aliyekuwa akiomba dawa ya dharura, msikilizaji hakuwa na kidole cha kulirekebisha.

Wazo la kwanza la Black, lile la 1923, lilikuwa limelala kabatini muda wote huu. Hataza yake ilikwisha muda bila kutajirisha mtu. Aliyelifufua ni Harold Seidel, wa Bell, mwishoni mwa miaka ya 1960. Seidel alishughulika na valvu za mawimbi-safiri za mitambo ya maikrowevu, kwenye gigahezi 4, ambako wimbi lina urefu wa sentimita 7.5. Valvu moja ina urefu wa kupitisha mawimbi mengi kabla ya kutoa jibu. Mrejesho hapo hauna maana yoyote. Taarifa ya kosa ikifika mwanzo, wimbi lililokosewa limeshaondoka zamani. Lakini kusahihisha mbele hakujali kuchelewa. Wimbi la asili hupitishwa kwenye waya wenye urefu uliopimwa ili lingojee, likutane na kinachotoka kwa wakati mmoja, kosa litengwe, nalo likuzwe wakati wimbi kuu likisubiri kwenye waya wa pili. Kwa kuwa hakuna mzunguko, hakuna filimbi. Na kwa kuwa Seidel alikuwa na transista na saketi zinazojirekebisha zenyewe, hakuhitaji mtu wa kukesha na valvu kila saa.

Mzigo wa usahihi ulikuwa umehamishwa tena, safari hii kwenye urefu wa waya. Mitambo ya namna hiyo ilitumika katika vituo vya simu za mkononi vya miaka ya 1990, ambapo amplifaya moja ilipaswa kukuza njia nyingi pamoja bila kuzichanganya. Ilikuwa safi, ghali na yenye uchu: mara nyingi asilimia 10 hivi tu ya umeme ilifika antenani, maana amplifaya ya pili nayo inakula, na waya wa kungojea unameza nguvu iliyokwisha kukuzwa.

Wakati huohuo wengine walikuwa wakishambulia upande wa mwanzo. Kama unajua amplifaya itapinda hivi, ipe wimbi lililopindishwa kinyume chake kabla halijaingia, jinsi fundi cherehani anayejua kitambaa kitanywea kikifuliwa anavyokata nguo ndefu. Mfumo wa AR6A wa AT&T, ulioanza 1981 na kupitisha simu 6,000 kwa ukanda mmoja wa pembeni katika njia moja ya maikrowevu, ulitumia saketi za namna hii. Udhaifu wake ni kwamba amplifaya haipindi vilevile siku zote. Joto likibadilika, umri ukisogea, kipimo cha jana kinakuwa uongo.

Mwaka 1983 una uzito wa pekee katika habari hii. Huko Bath, Uingereza, Vladimir Petrovic alionyesha transmita ambamo wimbi hugawanywa katika vipengele viwili, kama ramani inavyogawa mahali kwa mashariki na kaskazini, na kila kipengele kikawa na mrejesho wake kwenye masafa ya chini, ambako kuchelewa kunavumilika. Redio za mkononi za polisi na zimamoto za mfumo wa TETRA zilikuja kunufaika nayo. Mwaka huohuo, katika maabara za Bell, Adel Saleh na Jack Salz walieleza jinsi ya kuipa kompyuta kazi ya fundi cherehani: isikilize kinachotoka, ikilinganishe na kilichokusudiwa, isahihishe jedwali lake la mipindo ya kinyume, na irudie bila kuchoka. Harold Black alifariki Desemba ya mwaka huo, akiwa na miaka 85.

Mpango wa Saleh na Salz ulihitaji kompyuta ambazo mwaka 1983 zilikuwa polepole. James Cavers wa Kanada aliupunguzia uzito mwaka 1990 kwa jedwali dogo linalojifunza haraka, na kufikia miaka ya 2000 vichakataji vilikuwa vimeshuka bei kiasi cha kuwekwa kwenye kila mnara. Mahitaji nayo yalikuwa yamebadilika. Mawimbi ya 4G yana vilele virefu vinavyokuja kwa nadra juu ya wastani ulio chini, tatizo lilelile la Doherty likiwa kali zaidi. Wahandisi walimrudia. Transista mbili, moja ya kazi za kila siku na nyingine ya vilele, robo ya wimbi katikati, na kiwiko kwenye mstari; kisha kompyuta ya kukinyoosha kiwiko hicho kabla ya wimbi kuingia. Muungano huo umo katika minara mingi inayobeba simu zetu, Kisumu au Mtwara, na bila huo bili ya umeme au mafuta ya jenereta ingekuwa kubwa zaidi.

Kazi haikuwa ya mteremko. Transista hukumbuka: jinsi inavyopinda sasa hutegemea ilivyochemka muda mfupi uliopita, hivyo jedwali la thamani moja kwa thamani moja halitoshi, na hesabu inabidi ibebe historia ya wimbi. Tena mpindo wenyewe hutanua wimbi. Njia yenye upana wa megahezi 20 ikipotoshwa hadi daraja la tano huenea megahezi 100, na kompyuta isiyouona upana wote huo haiwezi kuusahihisha.

Tangu miaka ya 2010 wapenzi wa redio nao wana programu za bure zinazofanya hivi kwenye masafa mafupi, wakiwa na kompyuta ya mezani na transmita ya wati 100. Redio ya kawaida ya volti 12 huwa na masafa ya ziada yaliyo desibeli 25 hadi 30 chini ya milio halali. Programu ikiwashwa, ni kawaida kuyaona yakishuka chini ya 50 mbele ya macho yako, na majirani wa pande zote mbili wakapata nafasi yao. Anayeanza hushauriwa kwanza kukagua kipande ambacho wengi hukidharau, yaani kile kijipokezi kinachoonja wimbi linalokwenda antenani. Kikilishwa kupita kiasi hupotosha chenyewe. Kompyuta haina njia ya kujua hivyo. Itaihesabu kasoro hiyo kuwa ya amplifaya, itaitengenezea kinyume chake, na itaisukuma hewani kwa nguvu zote za transmita.